Herufi moja ya S, mabibo ya mjomba na lena yangu ya Mtwara

Kama kuna ushauri ulionichelewesha ni huu: "Subiri kwanza ufikishe miaka 18, ndipo uanze kuhangaika na lena," yaani leseni ya muda ya kujifunzia udereva. Niliusikia kwa shangazi, kwa majirani zetu wa Mikindani, hadi kwa kaka wa bajaji anayempeleka mama sokoni. Ni kweli kwamba gari huruhusiwi kuendesha kabla ya kutimiza 18. Lakini kusubiri kuendesha ni jambo moja, kusubiri kujiandaa ni jingine, na mimi nilivichanganya. Nilitimiza 18 mwezi Machi, karibu na mtihani wa kidato cha sita. Lena niliishika Oktoba, msimu wa korosho umeshaanza. Miezi saba! Na sehemu kubwa ya miezi hiyo ililiwa na herufi moja tu ya S.

Mlolongo wenyewe uko hivi. Lena haipatikani bila TIN, namba ya mlipakodi. TIN ya mtu binafsi siku hizi inataka namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. NIDA wanaandikisha kuanzia miaka 18 na wanataka cheti cha kuzaliwa. Basi nikachukua cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, nikapanga foleni asubuhi na mapema, nikafika dirishani. Dada aliyekuwa anapokea karatasi akazishika mbili mkononi, akatazama huku, akatazama kule, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mdogo wangu, baba yako ni yupi, Isa au Issa?"

Nilidhani ni utani. Cheti cha kuzaliwa kinasema Isa, cha kidato cha nne kinasema Issa. Mama alitoa taarifa zangu nikiwa mchanga, akaliandika jina kama alivyozoea kulitamka. Mwalimu wa darasa la kwanza akaliandika kama alivyozoea yeye. Miaka yote hiyo hakuna aliyegundua, kwa sababu nani anakaa kusoma cheti cha kuzaliwa? Kinakaa kwenye begi chini ya kitanda pamoja na kadi ya kliniki.

Ikabidi nianze kurekebisha. Nilichagua kurekebisha cheti cha kuzaliwa kwa sababu kitambulisho cha baba kinasoma Issa, sawa na cheti cha shule. Ni dawati la RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, fomu, kiapo chenye muhuri wa wakili, nakala ya kitambulisho cha baba, nakala za vyeti vya shule, halafu kusubiri. Nauli ya kutoka Mikindani kwenda mjini na kurudi niliilipa mara nyingi kiasi kwamba kondakta mmoja alidhani nimeajiriwa. Kwa hiyo wewe mwenye miaka 15 au 16 unayesoma hapa, leo jioni tandika mkeka, toa cheti cha kuzaliwa, cha darasa la saba, vitambulisho vya wazazi, usome jina lako na la baba herufi kwa herufi. Ukikuta tofauti sasa hivi, una miaka miwili ya kuitengeneza bila presha.

Katikati ya kusubiri huko ndipo nilipofanya kosa ninaloliumia mpaka leo. Karibu na stendi kuna kaka aliyeniambia, "NIDA ya nini, mdogo wangu? Nipe elfu thelathini, Ijumaa lena unayo mkononi." Fedha hiyo ilikuwa yangu ya jasho. Niliipata kwa kubangua korosho na mama, vidole vikiungua kwa mafuta ya maganda. Nilimpa. Ijumaa ikapita, ya pili ikapita, ya tatu akaleta karatasi yenye picha yangu na mhuri uliofifia. Nikakimbia nayo kwa mjomba Naliendele.

Mjomba anaendesha lori la kusomba korosho kutoka Tandahimba, na kwetu jambo zito halikamiliki bila yeye. Aliigeuza ile karatasi mara moja tu.

"Kontroo namba ulilipia ipi?"

"Sikupewa, mjomba. Nilimpa mkononi."

"Basi hujalipa serikali. Umemlipa yeye."

Hakunigombeza. Aliiingiza ile karatasi kwenye jiko la mkaa, ikaungua tukiitazama. Baadaye ndipo akanieleza kwamba malipo halali ya lena yana kontroo namba iliyotoka kwa jina lako, unalipa kwa simu au benki, na risiti inabaki kwako. Mtu akikutajia bei bila kontroo namba, ondoka. Na hata kama ile karatasi ingepita machoni pa trafiki, siku ya kugonga mtu ingenisaidia nini? Mwenye gari naye angeingia matatani kwa kumpa usukani mtu asiye na leseni. Hili ndilo jibu langu pia kwa wale wanaosema jifunze kwanza na gari la mtu, lena utachukua ukishajua. Hapana. Lena ndiyo inayokupa ruhusa ya kujifunza.

Nikisubiri cheti, mjomba aliamua nisikae bure. Siku ya Jumapili alifagia uwanja nyuma ya nyumba, akachora kwa kijiti barabara nne zinazokutana na duara katikati. Kipilefti. Kisha akaleta kibakuli cha korosho ghafi. Korosho ikiwa na ganda lake imepinda, upande mmoja mnene na mwingine mwembamba, kwa hiyo ukiilaza chini unajua kabisa inaelekea wapi. Upande mnene ndio boneti. Akaziweka nne, kila moja kwenye mdomo wa barabara yake, moja akaipaka chokaa na kuniambia, "Hiyo ni wewe. Nani anaingia kwanza?"

Mwanzo nilikuwa najibu kwa kubahatisha. Akawa anaichukua korosho yangu na kuigonganisha na nyingine, kaa! "Umekufa. Panga tena." Wadogo zangu wakajaa, kila mtu anataka gari lake. Tulicheza mpaka magharibi. Lakini kufika jioni hiyo nilishajua, bila kukariri, kwamba tunaendesha kushoto, na kwenye kipilefti unampisha anayetoka kuliani kwako, yule aliyekwisha ingia ndani ya duara. Jumapili iliyofuata akachora barabara ndogo inayoingia kwenye kubwa, akachora zebra kwa unga wa muhogo, akaweka kijiti cha mtembea kwa miguu. Halafu akaleta gari la wagonjwa (kopo la dawa) linalotoka nyuma kwa kasi, kila mtu asogee. Wenzangu walionunua vijitabu vya maswali na majibu walikariri majibu. Ukiwageuzia picha kidogo, wanapotea.

Alama za barabarani nilizisoma kwenye daladala. Kutoka Mikindani hadi mjini nilikuwa nakaa dirishani nyuma ya dereva, kila kibao kinachokuja nakitaja kimoyomoyo kabla hatujakifikia. Siri niliyoigundua ni kuanza na umbo kabla ya mchoro. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inakutahadharisha na kitu kilicho mbele. Duara lenye ukingo mwekundu linakukataza, duara la bluu linakuamuru. Mstatili unakupa taarifa. Pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini ni ya kutoa njia, na yenye pembe nane ni ya kusimama, haifanani na nyingine yoyote. Kuna kibao kimoja kilikuwa kimeliwa na vumbi jekundu hadi mchoro hauonekani, lakini umbo peke yake liliniambia kwamba mbele kuna hatari. Nilifurahi sana siku hiyo, nikawa natamani kumwambia abiria wa pembeni.

Kwenye daladala hizo hizo ndipo nilipojua macho yangu hayako sawa. Nilikuwa nashindana na mdogo wangu kusoma namba za magari kwa mbali. Zile za njano za magari binafsi yeye anazisoma, mimi naona tu njano. Nilienda hospitali nikapewa miwani, na kichwa kilichokuwa kinaniuma darasani miaka miwili kikapona. Pima macho mapema jamani. Usisubiri kuulizwa siku ya fomu.

Cheti kilipotoka, mambo yakateleza. NIDA, TIN, alama za vidole, hayo hayana hadithi. Nikajiandikisha chuo cha udereva. Nilichoanza nacho sikukipenda: mwalimu mmoja, wanafunzi watano kwenye gari moja, kila mtu anashika usukani dakika kumi, na muda mwingi mwalimu yuko kwenye simu. Nilihama bila aibu. Kabla hujalipa ada, uliza gari moja linabeba wanafunzi wangapi, kisha nenda ukashuhudie kwa macho. Jua pia unataka daraja gani. Kuna vijana wa mtaani kwetu waliodhani leseni ya daraja D inaruhusu na bodaboda. Pikipiki ina daraja lake, A, na lazima uisomee.

Lena yenyewe? Kontroo namba, shilingi elfu kumi kwa simu, basi. Ukijumlisha picha, nakala, kiapo, miwani na nauli sijui nimetumia kiasi gani, laki mbili na ushee labda, bila ada ya chuo na bila ile elfu thelathini ninayoililia.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia: lena inadumu miezi 3, na siku zinahesabika hata ukiwa umekaa nyumbani. Rafiki yangu aliichukua wiki moja kabla ya kwenda kwa bibi yake kijijini Newala, ambako hakuwa na gari la kujifunzia wala mwalimu. Iliisha hajagusa usukani. Mimi niliichukua siku ambayo mjomba alishaahidi asubuhi zake, na pikapu yake ya gia za mkono imeshafungwa vibao vyeupe vyenye L nyekundu, mbele na nyuma. Yeye pembeni yangu na leseni yake mfukoni, kama sheria inavyotaka.

Klachi ilinitesa. Kwenye tambarare nilielewa haraka, kwa sababu alinikataza kabisa kugusa mafuta. Naachia klachi polepole mpaka gari lianze kutambaa lenyewe, nabana tena, naachia tena, nusu saa nzima. Mlimani ndipo palikuwa na kazi. Akanipeleka kwenye njia ya vumbi inayopanda kuelekea shambani, ambako hapiti mtu, akanisimamisha katikati ya mlima. Akashuka. Akaokota bibo bivu chini ya mkorosho, akaliweka nyuma ya tairi la nyuma, kiganja kimoja hivi kutoka kwenye tairi.

"Ondoka bila kulikanyaga."

Nililikanyaga. Akaweka la pili, la tatu. Harufu ya mabibo yaliyopondeka ilijaa njia nzima, nyuki wakaja, mimi nalia kimyakimya. Kila mara nilikuwa nashusha hendibreki kwanza halafu ndiyo natafuta klachi. Lilipopondeka la tisa akaniambia nizime redio kichwani mwangu na nisikilize injini tu. Kanyaga mafuta kidogo, achia klachi mpaka muungurumo ubadilike uwe mzito na boneti iinuke kidogo kama mtu anayetaka kusimama. Hapo gari limeshakushika. Hapo ndipo unashusha hendibreki. La kumi na mbili lilibaki zima. Mjomba aliliokota, akalipangusa vumbi kwenye shati, tukaligawana pale pale.

Wiki ya tatu tulikuwa tunapanda mlima Mikindani kwenye lami, mbuzi wakakatiza. Nikasimama. Nyuma ikaja kosta imejaa abiria, ikasogea mpaka kwenye kioo nikaona miwani ya dereva, ikaanza kupiga honi. Zamani ningeshuka na kumwachia mjomba usukani. Nilibana hendibreki, nikaingiza gia ya kwanza, nikasubiri ule muungurumo huku honi inalia, na nyuma ya tairi langu nikaliona bibo. Boneti ikainuka. Gari likaenda mbele, halikurudi hata unywele.

Mjomba, aliyekuwa kimya muda wote mkono ukiwa karibu na hendibreki, akaurudisha mkono wake pajani. "Washa indiketa," akasema, "tunakata kushoto."