Bustani ya kiangazi, na siku tatu za Lushoto

Wiki ya kwanza ya Januari

Nyanya zinaniumiza moyo. Miche 18 niliyoipandikiza mwezi wa 11 imenifika kifuani, majani mabichi kabisa, maua tele, lakini kila asubuhi nikitoka na ndoo nayakuta maua chini. Nikadhani ni kantangaze, yule mdudu wa nyanya. Nimekagua jani moja moja, juu na chini, sikuona michirizi wala kiwavi. Ni joto tu. Hapa Tanga kiangazi usiku haupoi, na nyanya usiku ukibaki na nyuzi 24 au zaidi, ua halishiki tunda. Linanyauka kwenye kikonyo na kudondoka.

Kipande chenyewe ni mita 4 kwa 6 nyuma ya jiko, kichanga, na kimeinama kidogo kuelekea mtaroni. Ndoo 6 kila jioni, na nusu ya maji inakimbilia mtaroni mbele ya macho yangu. Asubuhi nikitia kidole, ni pakavu.

Wiki ya pili

Mume wangu kapata likizo, na mama mkwe, ambaye ni Msambaa wa Soni, alikuwa anataka kwenda kuona nyumbani. Tumemwachia mtoto wa jirani kazi ya kumwagilia, tukaondoka alfajiri.

Kutoka Mombo, chini ya mlima, mpaka Lushoto ni kilomita 33 hivi. Basi linapanda kwa saa moja au zaidi kidogo. Sisi ilituchukua karibu siku nzima, na sikujuta hata dakika moja. Mombo tuliiacha jasho likituchuruzika, vioo vyote chini. Kona ya kwanza, ya pili, ya tano, masikio yakaanza kuziba, kisha upepo ukabadilika na mama akaomba khanga ya pili. Kila penye nafasi ya kuegesha alisema, "Simama hapa, mwanangu," tukasimama. Soni tulikaa muda mrefu tukitazama maporomoko, tukanunua nusu sado ya plamu, zikaisha kabla ya kuondoka.

Juu kidogo ya Soni kulikuwa na mzee analima kwenye ngazi zilizokatwa ubavuni mwa mlima, kila ukingo una mabingobingo ya kushika udongo. Mama alimwamkia Kisambaa, na hapo tukawa wageni wake. Nilimweleza habari za kichanga changu na maji yanayokimbia. Hakunijibu papo hapo. Aliinama, akafunua matandazo ya mabua makavu ya maharage, akachota udongo wa chini yake, akanitia kiganjani. Siku hiyo jua lilikuwa kali hata huko juu, na shamba lilikuwa halijanyweshwa tangu juzi. Ule udongo ulikuwa mweusi na wa baridi. Nilipoukunja ngumi ukashikamana, nilipoufinya ukamomonyoka taratibu kama keki.

"Maji hayana breki, mwanangu," akasema. "Usipoyawekea kizuizi, udongo wako wote utalala Mombo."

Nimeyaandika maneno hayo kwenye ukuta wa stoo.

Siku ya pili tulikwenda Irente. Ukisimama pale kwenye ukingo wa jabali unaona Mazinde chini kabisa, mistari ya mkonge imenyooka kama imepigwa rula, na juu yake joto linachezacheza. Mimi nimefunga sweta, nakula mkate wa kahawia na jibini ya shamba la pale Irente, huku naliangalia lile joto ninaloishi ndani yake. Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu la nyanya. Kabichi, karoti, peasi, njegere, hivi vyote vimezoea ubaridi wa huku. Nilitaka mboga za mlimani zinitii pwani mwezi wa kwanza.

Kushuka tulishuka na gia ya pili, mguu mbali na breki, tukiyapisha malori ya mboga.

Mwisho wa Januari

Kazi imeanza. Nimeng'oa nyanya 14, nimebakiza 4 kwenye kivuli cha mpapai. Nimekata ngazi tatu ndogo kukingama mteremko, nami nina mteremko wa kiganja tu, lakini maji yanaujua. Kila kitanda nimekididimiza kikawa kama jaruba, kingo zimeinuka.

Chini nimeweka kitu ambacho yule mzee hana: makumbi ya nazi. Nimeyaloweka kwenye pipa usiku kucha, nikayapanga chini ya udongo, tumbo likitazama juu ili yakinge maji. Juu yake samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, kisha udongo, kisha majani makavu unene wa vidole vinne. Nimepanda bamia vitanda viwili, mchicha kimoja.

Mwisho wa Februari

Mchicha tumeshauvuna mara mbili. Ndoo zimepungua kutoka 6 kila siku hadi 4 siku moja baada ya nyingine. Asubuhi nafunua majani natia kidole: kuna unyevu. Kuna na mchwa pia, walifuata matandazo makavu upande wa ukutani, nikayaondoa upande huo na kunyunyiza majivu.

Wiki ya pili ya Machi

Bamia zimetoa maua tangu wiki iliyopita, ya manjano na kiini cha rangi ya damu ya mzee. Linafunguka asubuhi, jioni limejikunja. Leo nimevuna za kwanza, 23, urefu wa kidole. Nimempigia mama mkwe. Akaniambia nisizicheleweshe, siku mbili tu zinageuka kamba, na nichague mche mmoja wenye nguvu niuache ukomae kwa mbegu. Nimeufunga kitambaa chekundu ule wa tatu kutoka kwenye mpapai. Mawingu yameanza kujikusanya upande wa bahari. Kesho naongeza udongo kwenye kingo kabla masika haijaanza.