Kupiga dramu za roki kwa mikono mitupu

Vua pete na saa kwanza. Kisha angalia ukingo wa chuma unaobana ngozi ya dramu, maana huo ndio adui wako mkubwa. Fimbo huugonga bila taabu, lakini kifundo cha kidole kikiugonga kwa nguvu kitavimba. Laza tomu (dramu zisizo na nyaya chini, zinazoinamishwa kwenye seti) ziwe karibu bapa na uzishushe hadi usawa wa kiuno. Zikiinama kuelekea kwako, kiganja hutua kwenye chuma kabla ya kufika kwenye ngozi.

Sauti nzito huja ukipiga kwa kiganja katikati na kuinua mkono papo hapo. Ukiuacha umelala, mtetemo unakufa. Kwa sauti kali, tumia vidole vinne vilivyoshikana, karibu na ukingo, vitue kwa nyama yake, si kwa ncha. Legeza skrubu zinazokaza ngozi kidogo, robo mzunguko kila moja, kwa sababu ngozi iliyokazwa sana inauma na haijibu mguso mwepesi. Ngozi iliyopakwa rangi yenye kukwaruza huchubua vidole. Iliyo laini inafaa zaidi. Kwenye snea, dramu yenye nyaya zinazogusa ngozi ya chini, legeza nyaya hizo zisiiguse, upate sauti inayokaribia ya konga, ngoma ndefu ya kupigwa kwa mikono.

Matoazi? Gusa mgongo wake tu kwa vidole. Makali ya pembeni hukata.

John Bonham, mpiga dramu wa bendi ya roki ya Led Zeppelin, alipiga hivi jukwaani, ila usimwige kwa nguvu: mkono hautoi kishindo cha fimbo. Sogeza maikrofoni karibu, na mdundo wa besi, dramu kubwa ya chini, uachie pedali ya mguu.