Nyanya tatu Leicester, maandazi Kirumba

Februari 2023 niliingia dukani hapa Leicester nikakuta kibao: nyanya, mwisho pakiti tatu kwa kila mteja. Rafu yenyewe ilikuwa nyeupe, hata hizo tatu hazikuwepo.

Nikampigia mama Mwanza. "Mwangaluka, mayu." Nilipomweleza alicheka mpaka simu ikakatika, akapiga mwenyewe. "Baba, Wazungu wamekosa nyanya? Hapa Kirumba zinaozea kwenye matenga!"

Nikamfafanulia. Uingereza huzalisha kama asilimia 60 tu ya chakula chake. Wakati wa baridi nyanya nyingi hutoka Hispania na Moroko, na mwaka ule hali ya hewa iliwavurugia huko. Wakulima wa hapa wana vitalu nyumba, lakini gesi ya kuvipasha joto ilipaa baada ya vita vya Ukraine kuanza, wengine wakaviacha vitupu.

"Poleni," akasema, bado anacheka.

Nikaona nimkumbushe ya mwaka uliotangulia. Mama anakaanga maandazi karibu na soko la samaki la Mwaloni tangu niko shule ya msingi. Ada yangu ilitoka kwenye karai lile. Aprili 2022 Indonesia, inayoongoza duniani kwa mafuta ya mawese, ilizuia kuyauza nje kwa wiki tatu na ushei. Bei ilikuwa imeshapanda kabla ya hapo. Dumu la lita 20 likawa halishikiki, mama akaanza kununua mafuta ya kupima, ngano nayo ikapanda. Maandazi yakasinyaa. Mvuvi mmoja akashika lake juu akamuuliza, "Mama, hili nile au nimeze na maji?"

Andazi linaliwa ukingoni mwa ziwa, lakini ngano yetu sehemu kubwa huja kwa meli hadi Dar es Salaam, ndipo ipande lori zaidi ya kilomita 1,000. Mafuta vilevile. Chetu pale ni mkaa, maji, na sukari ikiwa ya Kagera. Sangara wetu naye anatoka kiwandani minofu, anapanda ndege kuja huku Ulaya, tukabaki na mapanki, vichwa na mifupa yake. Matamu lakini, nisidanganye.

Kilichomwokoa mama ni viazi vitamu vya kuchemsha. Wateja walinuna wiki ya kwanza; walitaka andazi, si chakula cha kwao kijijini. Baadaye wakazoea, na hata mafuta yaliposhuka kidogo, sufuria ya viazi haikuondoka jikoni.

"Hayo ya mafuta usinikumbushe," akasema. Akanyamaza kidogo. "Sasa leo mboga utaungia nini?"

"Nina nyanya za kopo."

"Za wapi hizo?"

Nikaligeuza kopo. Italia. Akaanza kucheka upya.