Nilivyopamba tenti la hafla ya hisani kwa mwanga kuliko maua

Kamati iliponikabidhi mapambo ya chakula cha jioni cha kuchangia upasuaji wa moyo kwa watoto, hapa Dar es Salaam, nilianza kwa kuomba ratiba. Nilitaka kujua wageni watakula saa ngapi, mzazi atatoa ushuhuda saa ngapi na MC ataita ahadi za michango saa ngapi. Kwenye harusi mapambo yanamhudumia bibi harusi. Hapa yanamhudumia mgeni aliyekwisha kula na sasa anaamua atoe shilingi ngapi, kwa hiyo kila kitu nilikipanga kielekee kwenye dakika hizo za ahadi.

Tenti lilikuwa jeupe, mita 20 kwa 30, la fremu za alumini zisizo na nguzo katikati, kwa wageni 300. Kitambaa cheupe ni neema kwa mpambaji kwa sababu kinapokea rangi yoyote unayokimulika. Tatizo ni kwamba kinaimwaga rangi hiyohiyo juu ya wageni. Ukiwasha zambarau, kama ilivyo mazoea kwenye harusi zetu, wali unaonekana kama umelala na ngozi zetu nyeusi zinapoteza uhai. Bluu ndiyo mbaya zaidi. Mimi nilitaka kaharabu, yaani njano inayoelekea rangi ya chungwa, pembeni mwa tenti na njano ya joto mezani.

Mwenyekiti wa kamati hakuridhika. "Mwanangu, mbona sioni rangi? Watu watasema tumebana."

Nikamwomba akae kwenye kiti cha mgeni, fundi akawasha zambarau, mama mwenyekiti akajitazama kwenye kamera ya simu yake. Kisha fundi akawasha kaharabu. Mama alikaa anajitazama, akageuza shingo huku na huku. "Haya, acha hiyo hiyo. Na meza kuu pia."

Maua niliyapunguza sana. Waridi nzuri zinatoka Arusha, na ndani ya tenti lililopigwa jua mchana kutwa zinalegea kabla mgeni wa kwanza hajafika. Isitoshe, roho yangu haikukubali kutupa usiku huohuo fedha ambazo zingemsaidia mtoto. Nikanunua vikapu vya ukili, kimoja kwa kila meza ya watu kumi, nikavigeuza vifuniko vya taa. Ndani niliweka balbu ya LED ya wati 5, kelvini 2700 (kelvini hupima rangi ya mwanga: namba ndogo ni njano ya joto, kubwa ni nyeupe baridi). Kikapu kikiwaka, mwanga unapenya katikati ya msuko na kuchora vivuli vyake kwenye dari jeupe. Meza 30 zikiwaka pamoja, tenti zima linakuwa limetariziwa. Mwanga huo wa njano pia hauiti wadudu sana kama ule mweupe wa kelvini 6500.

Kuvining'iniza kulihitaji uangalifu. Kitambaa cha tenti hakibebi kitu, kwa hiyo tulivuta waya wa chuma kutoka fremu hadi fremu, tukafunga vikapu juu ya kimo cha mtu aliyesimama ili visikinge jukwaa. Upepo wa kusi ukivuma, vinatikisika kidogo tu.

Umeme ndio uliochukua muda wangu mwingi. Taa za pembeni zilikuwa 24, kila moja takriban wati 150, yaani wati 3,600. Kwa volti 230 hiyo ni karibu ampea 16, na ekstensheni moja ya kawaida usiipe mzigo huo. Fundi alizigawa kwenye laini tatu zenye breka zake. Jiko la mpishi lilipewa laini yake, muziki laini yake, maana spika zikichangia laini na taa zinazopunguzwa mwanga huunguruma, na huwezi kukubali hilo wakati mama anasimulia habari za mwanawe.

Kwenye ushuhuda tulishusha vikapu hadi robo, tukabakiza taa mbili za njano zilizomlenga mama kwa pembeni, kushoto na kulia, ili macho yake yasizame kwenye kivuli. Kuna aliyependekeza mtoto amulikwe peke yake. Nilikataa. Mtoto mgonjwa si pambo. Alikaa na baba yake meza ya mbele, kwenye mwanga uleule wa wageni wengine.

Alipomaliza tu, vikapu vikapanda hadi mwisho. Hapa wapambaji wengi tunazubaa, tunaliacha tenti kwenye giza zuri huku watu wameshika fomu za ahadi wasioweza kuzisoma. Mgeni anatakiwa aone mstari wa kujaza, kalamu na lipa namba ya kutuma mchango kwa simu, iliyochapwa kwa maandishi makubwa katikati ya meza. Akianza kutafuta tochi ya simu, moyo wa kutoa unapoa.

MC alipomaliza ahadi, akatangaza kwamba vikapu navyo vinauzwa, fedha zinaingia mfuko uleule. Vyote vikapata wenyewe. Fundi alilazimika kuwasha taa kali za kazi ili avishushe kimoja kimoja, na wanunuzi wamesimama chini wanasubiri.