Vanishi ipi hasa?

Ingia duka lolote la vifaa vya ujenzi karibu na Kibuye, Kisumu, uitishe "vanishi" tu, na utauziwa mkebe ulio karibu na mkono wa muuzaji. Huenda ikawa vanishi ya mafuta, laka, au ile iliyotiwa rangi ya mahogani. Huku zote ni vanishi, na hapo ndipo kazi huharibikia.

Uliza inazimuliwa kwa kitu gani. Vanishi ya mafuta ni kwa tapentaini, nayo hukauka usiku kucha. Laka ni kwa tina (thinner), na nusu saa baadaye unaigusa. Ukipaka laka juu ya vanishi ya mafuta, tina hulainisha ile ya chini, ikavimba na kukunjamana kama utando wa maziwa yaliyopoa. Hapo hakuna ujanja: kwangua hadi mbao, uanze upya.

Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, wa vanishi ya mafuta zimua kidogo, sehemu 1 ya tapentaini kwa 10 za vanishi, ili izame. Kesho yake piga msasa namba 240 kufuata nyuzi za mbao, futa vumbi, kisha paka mkono wa pili bila kuzimua. Mkebe koroga kwa kijiti, usiutikise. Mapovu yatakaukia mezani. Laka nayo haitaki mvua. Tina ikiruka upesi hupoza uso wa mbao, unyevu wa hewani unatua, na unabaki na ukungu mweupe. Ziwa likiwa hapo kando, ngoja jua la saa tano.

Jina lenyewe Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, nao kwenye Kilatini, *vernix*, utomvu wenye harufu. Wakunga wanalijua: ule utando mweupe wa mtoto mchanga ni *vernix* vilevile. Pwani utomvu wa kutengenezea vanishi una jina lake, sandarusi. Karne ya 19 ulisafirishwa kutoka Zanzibar hadi Salem, Marekani, kwa kazi hiyohiyo.

Uingereza rangi ya kucha nayo ni vanishi. Kwetu ni kiuteksi. Na kijana akikwambia fundi "amevanishi", hilo ni neno jingine kabisa, *vanish* la Kiingereza: katoroka na arbuni yako, meza bado haijapakwa.