Nilivyopima imani zangu kuhusu bangi kwa daftari la cherehani

Nimevuta bangi kwa miaka 11, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa nyuma ya cherehani mjini Morogoro, nikishona suruali na sare za shule. Nilipoanza kutafuta tiba, kila mtu alikuwa na ushauri wake. Shemeji yangu alinitaka ninywe maziwa mengi ili yasafishe damu. Rafiki wa kijiweni alinihakikishia kwamba bangi ni majani tu, haina arosto, yaani mateso ya kuacha, kama ya unga wa heroini, hivyo nikiacha leo kesho nitakuwa mzima. Ushauri huo wa pili ndio ulioniumiza, kwa kuwa niliuamini.

Niliacha peke yangu siku ya Jumatatu. Usiku wa pili adhana ya alfajiri ilinikuta macho makavu. Wa tatu nilipitiwa na usingizi kidogo, nikaota ndoto nzito hadi nikaamka shuka limelowa jasho. Chakula kilikuwa hakipiti, na mama watoto akiniuliza jambo dogo nilimfokea. Alhamisi jioni nikajiambia, "Si unaona? Bila bangi mimi silali." Nikavuta, nikalala fofofo, na usingizi ule nikauhesabu kuwa ushahidi. Niliishi na ushahidi huo karibu mwaka mzima.

Mshauri wa kliniki ndiye aliyeupindua. Alinieleza kwamba kukosa usingizi, hasira, ndoto kali na kukosa hamu ya chakula ndiyo arosto yenyewe ya bangi: huanza siku moja au mbili baada ya kuacha, hukolea katika wiki ya kwanza, na kwa wengi hutulia baada ya wiki mbili au tatu, ingawa usingizi huweza kuchelewa. Kumbe bangi ilikuwa ikinituliza maradhi iliyoyaleta yenyewe. Kwa unga ipo methadoni, alisema, lakini kwa bangi hakuna dawa ya namna hiyo, hivyo tungeanza na yale ninayoyaamini. Alifuata mafundisho ya Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani, aliyezitofautisha imani za kutarajia raha au nguvu, za kutarajia nafuu, na za kujipa ruhusa.

Imani yangu ya nguvu ilikuwa kwamba nikivuta mkono unakuwa mwepesi na kazi inatoka safi. Niliitetea sana. Hakubishana nami, aliniuliza tu, "Fundi, nani aliyepima?"

Basi nikapima, na jambo hili najivunia hadi leo. Nyuma ya daftari la vipimo vya wateja nilichora safu mbili, moja ya siku nilizovuta asubuhi na nyingine ya siku nilizosubiri hadi jioni, nikaandika nguo nilizomaliza na nilizolazimika kufumua. Siku za kuvuta nilijiona nakimbia, lakini daftari lilionyesha suruali tatu, moja ya kufumua. Siku za kusubiri suruali zilikuwa tano, mara nyingine sita. Nakumbuka kaptula ya mwanafunzi ambayo mfuko wake wa nyuma niliushona ndani nje: mshono wenyewe ulikuwa umenyooka kama rula, na nilikuwa nimeutazama kwa furaha dakika nzima.

Imani ya ruhusa ilinijia kila Jumamosi nikishalipwa: "Nimefanya kazi sana, kimoja tu." Hiyo nayo niliiandika, pamoja na saa ya kijiti cha pili. Katika Jumamosi nne, hakuna hata moja ambayo kimoja kilibaki kimoja.

Nilipoacha tena, nilimtajia mama watoto siku zitakazokuwa mbaya, nikamwomba asinijibu nikifoka. Usiku wa tatu sikulala. Niliketi nikafumua ile kaptula. Usiku wa 13 nililala hadi aliponiamsha saa kumi na mbili na nusu, mteja wa kwanza akiwa tayari mlangoni.