Siku moja ya mpanga kurasa, River Road, Nairobi

Nikisema ninapanga vitabu, watu hudhani nabeba mabunda ya karatasi ghorofani. Nikieleza kwamba sehemu kubwa ya kazi ni kuiambia kompyuta kila aya imeandikwa kwa lugha gani, hapo ndipo hucheka. Basi hii hapa Jumanne yangu.

Saa kumi na mbili asubuhi niko stegi Umoja. Jogoo Road haisongi. Saa mbili kasoro nimepanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, na mashine za uchapishaji huko chini zimeshaanza kunguruma.

Saa mbili hadi saa nne: kadi za harusi, ratiba ya mazishi, risiti za duka la vipuri. Hakuna la kusimulia.

Saa nne nafungua kitabu cha mteja wangu, Mwalimu. Ni mkusanyiko wa methali: methali zenyewe kwa Gĩkũyũ, maelezo kwa Kiswahili, dibaji na faharasa kwa Kiingereza. Kimeletwa kikiwa kwenye Word, na Word hupenda kubahatisha lugha mtu anapoandika. Kwa hiyo ndani ya aya moja ya Kiswahili unakuta nusu sentensi imetiwa alama ya Kiingereza cha Marekani, maneno mawili cha Uingereza, na nukta imepewa lugha yake peke yake. Kwa macho huoni kitu. InDesign, programu ninayopangia kurasa, inaona, maana humo lugha ni sifa ya herufi, sawa na ukubwa wake au unene wake. Hata koma moja inaweza kuwa Mfaransa.

Hasara yake? Lugha ndiyo huamua kamusi ya tahajia, na ndiyo huamua neno likatwe wapi mwisho wa mstari. Ukiacha kanuni za Kiingereza zitawale, utapata nyum-ba, wakati Kiswahili kinataka nyu-mba, silabi iishie kwenye irabu. Halafu kuna maneno ya kuazima yanayokataa kanuni hiyo: daf-ta-ri, lab-da, mak-ta-ba. Ruwaza za kukata maneno hivyo nimeziandika mwenyewe kwenye faili la Hunspell, mfumo wa kamusi ambao InDesign huusoma, kwa mbinu ambayo Frank Liang aliieleza Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1983 na ambayo programu nyingi hazijaiacha hadi leo. Faili hilo ninalionea fahari kuliko kitabu chochote nilichowahi kupanga, ingawa hakuna mteja aliyewahi kuliuliza.

Kwa mkono ungeteua kipande, ufungue paneli ya herufi, uchague lugha, uhamie kipande kingine, hivyo hivyo mpaka Krismasi. Mimi nina skripti ya JavaScript, programu fupi inayoifanya kazi hiyo yenyewe. Inaanza na mitindo ya aya, yaani mipangilio yenye majina ambayo aya huvishwa, ikiuruka ule wa kwanza kabisa kwenye orodha kwa sababu programu haikubali uguswe. Inafuata mitindo ya herufi. Mwisho inashuka kwenye maandishi yenyewe kuwinda vipande vilivyobandikwa lugha nje ya mtindo, kwa kuwa iliyobandikwa moja kwa moja huishinda ya mtindo. Sifa inayobadilishwa inaitwa appliedLanguage, na kuibadilisha ni mstari mmoja tu wa msimbo. Kazi ni kujua maandishi yamejificha wapi: tanbihi, majedwali, tabaka zilizofichwa, kurasa kiolezo. Methali za Gĩkũyũ zina mtindo wao, nao nauacha bila lugha na ukataji wa maneno nimeuzima. Kamusi yake sina, na siwezi kumpa ya jirani.

Dakika chache, skripti imekwisha. Sasa ndipo kazi inaanza, maana maneno yakikatwa pengine, mistari inahama, aya zinarefuka au zinafupika, picha inaachana na maelezo yake. Nazipitia kurasa moja moja. Chakula cha mchana ni chapo madondo, nakula nikiwa mbele ya skrini.

Saa saba Mwalimu anaingia, bila kupiga simu, na rula mkononi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba binti. Zile nyekundu zimeisha?"

Wiki iliyopita alisimama nyuma ya kiti changu akaona mistari myekundu chini ya kila neno la Kiswahili. Tangu siku hiyo kitabu chake kwake ni hiyo mistari. Nilimweleza kwamba haichapishwi, ni programu tu inayosoma Kiswahili kwa kamusi ya Kiingereza. Akanijibu kwamba mpwa wake anajua kompyuta na amemwambia uchague tu "bila lugha", yote yatatoweka. Kweli yatatoweka. Na ukataji wa maneno utakwenda nayo, mistari iliyonyooshwa pande zote ibaki na mianya ya kupitisha mkokoteni. Hata programu ya kumsomea asiyeona itakosa kujua isome kwa matamshi gani, maana lugha husafiri ndani ya PDF. Nilimweleza hayo pia.

Namwonyesha skrini. Hakuna nyekundu. Anafurahi kwa muda wa kuvaa miwani, kisha anatoa prufu ya zamani na kuanza kupima kwa rula.

"Ukurasa huu ulikuwa unaishia hapa. Sasa unaishia hapa. Umenitolea maneno."

Hapana Mwalimu, maneno yamekatwa pengine tu. "Maneno hayakatwi, binti, niliyaandika mazima." Namfungulia paneli inayohesabu maneno: faili la kabla ya skripti na la baada yake, hesabu ni ile ile. Anaitazama, anakohoa, anasema mashine hudanganya. Halafu anavuta stuli na kuanza kuisoma sura ya pili kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikiacha alama kwenye skrini yangu. Pale penye methali anasimama kuieleza. Ninazijua zote sasa. Stima inapotea, inarudi, anaanza sura upya kwa sababu amesahau alipofika. Mkubwa wangu anachungulia mlangoni, anamwona, anarudi zake polepole. Chini wanauliza faili liko wapi, sahani za mashine, yaani mabamba ya kuchapia, zinasubiri.

Sijui ilikuwa saa ngapi alipofunga miwani na kusema, "Liko sawa." Kisha likaja la pesa.

"Lakini si ulibonyeza tu kitufe? Mia tano zatosha."

Mgongo wangu ulikuwa unawaka. Nikamwambia kitufe ni bure, bei ni ya kujua kitafanya nini kikibonyezwa kwenye kitabu chenye lugha tatu. Alicheka, kicheko cha mwalimu aliyejibiwa vizuri na mwanafunzi, akalipa nusu. Nyingine Ijumaa.

Baada ya hapo nikapanga upya orodha ya yaliyomo, nikatoa PDF, nikaiteremsha chini. Giza lilikuwa limeshaingia. Kwenye matatu, kabla hata ya kufika City Stadium, simu ikalia: Mwalimu amekumbuka methali moja zaidi, iingie sura ya tatu, mwanzoni.

Nimemjibu kwamba sahani zimeshatengenezwa, na kwamba methali moja mwanzoni mwa sura inasukuma kurasa zote zinazoifuata. Ameuliza zinasukumwa na nini.